Tusinunue Pampu kwa Macho

Katika nyumba zetu nyingi za mjini pampu ya maji imekuwa kitu cha lazima kama jiko. Maji ya bomba huja kwa zamu, mara usiku wa manane, mara siku mbili tu kwa juma. Tunayapokea katika tangi la chini, kisha tunayapandisha kwenye tangi la juu ili yateremke yenyewe jikoni na bafuni. Wengine tumechimba visima uani. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgawo wa maji ukatangazwa jijini Dar es Salaam, hata wale ambao hawakuwahi kuliwaza jambo hili walianza kuulizana mitaani: tangi la lita ngapi latosha? Fundi gani mwaminifu? Na pampu, ninunue ya ukubwa gani?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza mwezi huu, maana ndilo linalojibiwa ovyo kuliko yote. Tangi tunalipima kwa lita. Hata kitambaa cha pazia tunakipima kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani. Lakini pampu tunainunua kwa macho. Tunafika kwenye maduka ya vifaa pale Kariakoo, zimepangwa chini, nyekundu, bluu na kijani, na muuzaji anatukaribisha kwa heshima: "Mama yangu, chukua hii ya hosipawa moja na nusu, hutajuta. Hiyo ndogo itakusumbua." Sisi tunaamini, kwa sababu tumezoea kwamba sufuria kubwa inaweza kupika kidogo lakini ndogo haiwezi kupika kingi. Kwa pampu mambo sivyo yalivyo.

Wengi wetu tumewaachia akina baba jambo hili. Si vibaya, lakini tukumbuke ni nani anayekuwa nyumbani maji yanapokata katikati ya kufua, na ni nani anayeamka saa tisa usiku kusikiliza kama bomba limeanza kutoa. Anayejua nyumba yatumia maji kiasi gani kwa siku ni mama. Basi na akae kwenye mazungumzo ya kununua, akiwa na hesabu mkononi.

Maswali mawili tu

Pampu yoyote huulizwa maswali mawili: itapandisha maji kimo gani, na itatoa lita ngapi kwa dakika. Hosipawa si jibu la lolote kati ya hayo. Hosipawa yatueleza nguvu ya mota tu. Hosipawa moja ni kama wati 750. Pampu mbili za hosipawa moja zaweza kuwa tofauti kabisa. Moja imeundwa kutoa maji mengi kwa kimo kifupi, kama ya kumwagilia bustani, na nyingine kutoa maji machache kwa kimo kirefu.

Tuanze na wingi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mtu mmoja ahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na afue bila taabu. Familia ya watu saba basi ni kati ya lita 350 na 700. Tangi la juu la lita 1,000 likijazwa mara moja kwa siku, nyumba imetosheka na akiba inabaki. Sasa tujiulize: lijae kwa muda gani? Kama twaridhika lijae kwa dakika 40, ambao ni muda wa kuivisha wali na mchuzi, tunahitaji lita 25 kwa dakika. Hiyo ni ndoo ya lita 20 kwa muda usiofika dakika moja. Kwa nyumba ya kawaida hakuna haja ya zaidi ya hapo.

(Tunapofika hapa huwa tunamkumbuka Rebeka wa kitabu cha Mwanzo sura ya 24, aliyewanywesha ngamia kumi wa mgeni. Ngamia mwenye kiu kali aweza kunywa hata lita 100 kwa wakati mmoja. Kama wale kumi walikuwa na kiu ya namna hiyo, binti yule alipandisha tangi zima la lita 1,000 kwa mtungi, na wala hakuulizwa hosipawa yake.)

Kimo nacho kinapimika. Hatuhitaji fundi kwa hili, twahitaji kamba na futi. Tunapima kutoka uso wa maji ya chini, yakiwa yamepungua kabisa, hadi pale ambapo bomba linaingilia tangi la juu. Tuchukue nyumba moja ya kawaida: maji katika tangi la chini yakiisha yako mita 2 na nusu chini ya pampu, na mdomo wa tangi la juu uko mita 6 juu ya pampu. Jumla ni mita 8 na nusu. Urefu wa bomba linalolala ardhini hauongezi kimo, lakini maji yanaposuguana na kuta za bomba na kupinda kwenye kila kona hupoteza nguvu, na upotevu huo tunauhesabu kama kimo cha nyongeza.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila sisi kujua. Katika nyumba hiyo, tuseme bomba lote ni mita 20 na twataka lita 25 kwa dakika. Tukitumia bomba la inchi moja, upotevu ni chini ya mita moja, na kona zikiongezwa hautazidi mita 2. Tukitumia la robo tatu inchi, ni kama mita 2 na nusu bila kona. Fundi akituwekea la nusu inchi kwa sababu ndilo lililobaki kwenye kazi ya jirani, upotevu hufika mita 8 hadi 10, yaani umeongeza ghorofa tatu juu ya nyumba ambayo haina hata ghorofa moja! Kisha maji yakitoka kwa kulegea tunaambiwa pampu ni ndogo, tununue kubwa. Tulipopaswa kubadili bomba, tunabadili pampu.

Basi kwa bomba la inchi moja nyumba yetu ina mita 8 na nusu, ukiongeza 2 ni 10 na nusu. Tuseme 12, ili kuwe na nafasi. Tunatafuta pampu ya kutoa lita 25 kwa dakika kwa kimo cha mita 12. Andika maneno hayo kwenye karatasi uende nayo dukani.

Kibati kilicho ubavuni

Kila pampu ina kibati kilichobandikwa ubavuni, na juu yake kuna herufi Q na H. Q ni wingi wa maji, H ni kimo. Mfano, pampu ndogo ya nusu hosipawa yaweza kuandikwa Q max 40 l/min na H max 38 m. Mama asiyejua atasoma kwamba pampu hii itampa lita 40 kwa dakika kwenye kimo cha mita 38. La, hasha. Maana yake ni kwamba ikiwa haipandishi kitu, maji yanatoka hapo hapo kwenye mdomo wake, itatoa lita 40. Na ikiwa imepandisha hadi mita 38, maji yamesimama kwenye bomba, hayatoki hata tone. Ni kama mtu anayetusifia kijana wake kwamba hubeba gunia la kilo 100 na tena hukimbia kama swala. Aweza kweli, lakini hajasema afanya yote mawili kwa pamoja.

Kazi yetu iko katikati ya hizo namba mbili. Pampu nyingi huja na jedwali dogo kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelezo, linaloonyesha kwa kila kimo zitatoka lita ngapi. Tumwombe muuzaji atuonyeshe. Pampu ya namna tuliyoitaja, kwenye mita 12, hutoa kati ya lita 25 na 30 kwa dakika. Nusu hosipawa basi inatosha nyumba yetu, pamoja na watoto, wageni wa sikukuu na nepi za mtoto mchanga.

Wengine watashangaa. Tukipiga hesabu, nguvu inayotumika hasa kunyanyua lita 25 kwa dakika hadi mita 12 ni wati 50 tu, kama taa moja ya zamani. Mota ya nusu hosipawa ni wati 370. Nyingi ya hizo huishia kuwa joto na kelele, maana pampu hizi ndogo si hodari katika kutumia umeme, lakini hata hivyo kazi inafanyika na nguvu inabaki.

Ubaya wa pampu kubwa uko wapi?

Tuseme kweli: si kwenye uniti za LUKU, kama watu wengi wanavyodhani. Pampu kubwa hula umeme mwingi kwa saa lakini hujaza tangi kwa muda mfupi, na mwisho wa mwezi tofauti yaweza kuwa ndogo. Ubaya uko kwingine.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano au sita ya ule inaoutumia ikishazoea. Kwenye mitaa ambayo umeme ni mdogo, hasa saa za jioni kila mtu anapopika na kupiga pasi, mota kubwa hushindwa kuanza. Inanguruma, inapata moto, na waya wake wa ndani unaungua. Nyaya za nyumba nazo, kama zilitandikwa kwa ajili ya taa na redio, hupata joto ndani ya ukuta tusipoziona. Zaidi ya hayo, pampu kubwa ina uwezo wa kumaliza maji kabla hujageuka. Ikishamaliza huzunguka kavu, na sili yake, ambayo hupozwa na maji yenyewe, huungua kwa dakika chache.

Hayo ndiyo yaliyompata mama mmoja tunayemfahamu, wa Mbagala. Alikuwa na kisima cha kuchimba kwa mkono, cha pete za zege, upana wake mita moja, maji yakiwa mita 5 kutoka juu na kina cha maji mita 3. Alikuwa amechoka kuvuta kwa ndoo. Kikoba chao kilipovunjwa mwisho wa mwaka alipata fungu lake, na badala ya kununua vitenge kama wenzake alinunua pampu ya hosipawa moja na nusu. Mumewe alisema afadhali fedha ziende kwenye ada ya mtoto wa kidato cha kwanza. Yeye akasema maji ni uhai, na ada itapatikana. Wakabishana siku mbili, kisha baba akanyamaza.

Siku ya kwanza majirani walikuja kutazama maji yanavyofoka. Kabla ya nusu saa kisima kilikuwa kimekauka. Juma la pili maji yalianza kutoka na mchanga na tope, juma la tatu pampu ilinuka moshi ikazima. Kilichofuata ni kile tunachokijua katika ndoa zetu: neno "nilikuambia" likasemwa mbele ya watoto, likajibiwa, na kwa karibu mwezi mzima nyumba ile ilinunua maji ya madumu na watu wake hawakuzungumza vizuri. Ada nayo ilichelewa.

Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Hakuwepo mtu wa kuwaambia kwamba kisima nacho kina kipimo chake. Kisima cha upana wa mita moja hubeba lita 785 kwa kila mita ya maji. Mita 3 ni kama lita 2,350. Fundi mmoja mzee wa usharika wao ndiye aliyekuja na kamba iliyofungwa jiwe. Alichota maji hadi yakashuka mita moja, akaketi kunywa chai na kusubiri. Maji yalirudi mahali pake baada ya saa moja na dakika ishirini. Kumbe kisima kile chatoa takriban lita 600 kwa saa, yaani 10 kwa dakika, na pampu ile ilikuwa ikivuta karibu 90. Kwa mwendo huo hakikuweza kufikisha nusu saa.

Waliazima pampu ya nusu hosipawa, ile ya lita 25 kwa dakika. Ikifanya kazi dakika 40 hujaza tangi la lita 1,000, na kisima hushuka chini ya mita moja tu, kikarudi chenyewe kabla ya chakula cha mchana. Baadaye wakanunua ya kwao. Tulimwomba ruhusa kusimulia habari hii naye akakubali, ila akatuagiza tuandike kwamba mumewe ndiye aliyekwenda dukani mara ya pili, na karatasi ya vipimo aliibeba mwenyewe mfukoni.

Kwa wanaoishi karibu na bahari kuna hasara nyingine isiyotengenezeka kwa fundi. Chini ya maji yetu baridi kuna maji ya chumvi, na yale baridi yanaelea juu yake kwa kuwa ni mepesi. Wataalamu wa maji wana kanuni kwamba kila uso wa maji baridi unaposhuka mita moja, chumvi chini yake yaweza kupanda kama mita 40. Pampu yenye pupa huivuta chumvi juu, na kisima kilichokuwa kitamu kikawa cha kufulia tu. Jirani naye hupata shida hiyo hiyo, kwa maana chini ya ardhi uzio hakuna.

Kunyonya si kusukuma

Kuna jambo ambalo hosipawa hata kumi haziwezi kulishinda. Pampu inayokaa juu ya ardhi hainyonyi maji kwa nguvu zake. Huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo, kule pwani, hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10 hivi, na kwa vitendo tusitegemee zaidi ya mita 7. Kwa dada zetu wa Mbeya, Iringa au Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa sababu ya mwinuko, hata hizo 7 hazifiki, wahesabu 5. Kisima cha Yakobo, ambacho yule mwanamke Msamaria alimwambia Bwana Yesu kuwa ni kirefu, kipo hadi leo karibu na mji wa Nablus na kina chake ni kama mita 40. Pampu ya juu isingemsaidia kitu.

Kama maji yako chini ya hapo, dawa ni pampu ya kuzamishwa kisimani, ambayo husukuma kutoka chini badala ya kuvuta kutoka juu. Hii huchaguliwa kwa taarifa ya wachimbaji. Tunapolipia kisima kirefu tusikubali kuondoka bila karatasi inayoonyesha kina cha kisima, maji yalisimama wapi kabla ya kupima, yalishuka hadi wapi yalipovutwa kwa saa nyingi, na kisima kinatoa lita ngapi kwa saa. Pampu yetu isizidi kiasi hicho, ikae chini ya pale maji yanaposhukia, na iwe mita kadhaa juu ya sakafu ya kisima ili isile mchanga. Tena kwa Tanzania, kisima kirefu chahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde; kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu.

Maji ya jirani

Kuna habari moja ambayo hatupendi kuigusa lakini lazima. Wapo wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ili ikifika zamu maji yaje kwao kwanza. Mamlaka za maji zinakataza, na sababu si ubahili. Mabomba ya mitaani yana nyufa. Maji yanapopita kwa msukumo wake, huvuja kutoka ndani kwenda nje. Pampu inaponyonya, mambo hugeuka: kilichoko nje huvutwa ndani, nasi twajua mabomba yetu hupita kwenye mitaro na karibu na vyoo. Tuliouona mwaka 2015, kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, tusicheze na jambo hili. Na yule mjane wa nyumba ya mwisho, ambaye hana tangi wala pampu, atafungua bomba lake apate upepo tu.

Katika Mwanzo 26 watumishi wa Isaka walichimba kisima pale Eseki wakagombaniwa, wakachimba Sitna wakagombaniwa, wakahama hadi Rehobothi ndipo wakapata nafasi. Sisi hatuna pa kuhamia; tumebanana hivi hivi. Tujenge tangi la chini, maji yaingie yenyewe kwa msukumo wa mtaa, kisha pampu yetu ivute kutoka humo. Gharama yake ni kubwa kuliko kufunga kwenye bomba, hilo twalikubali.

Na wenye bwawa je?

Msomaji mmoja mwenye nyumba ndogo ya wageni huko Bagamoyo alituuliza kuhusu bwawa la kuogelea. Hesabu yake ni ya namna nyingine, maana pampu ya bwawa haipandishi maji popote, yazungusha tu yale yale kupitia chujio. Kawaida hutakiwa kuyazungusha yote kwa saa 8 hivi. Bwawa lake lina urefu wa mita 8, upana 4 na kina cha wastani mita 1.4, hiyo ni lita 44,800. Gawa kwa 8 upate lita 5,600 kwa saa, sawa na 93 kwa dakika. Achague pampu ya kiasi hicho, baada ya kuuliza chujio lake laweza kupitisha kiasi gani. Pampu ikilizidi chujio, uchafu hupenya na kurudi bwawani. Zaidi ya pampu twamwomba aweke uzio na lango linalojifunga, kwa sababu ya watoto.

Watoto, umeme na dada wa kazi

Tumelitaja hilo la watoto, basi tuseme na la nyumbani. Tangi la chini lisilo na mfuniko mzito wenye kufuli ni shimo la kifo uani. Fundi akija kusafisha na kwenda kununua kifaa, mfuniko urudishwe kwanza, hata kama anasema anarudi sasa hivi.

Pampu ikae juu ya kitako cha zege, chini ya kipaa, mvua isiifikie. Waya wa ardhi usikatwe, na kwenye swichi kubwa ya nyumba kiwepo kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Fundi umeme anakijua. Hakuna mtu kuingia kisimani au tangini wakati pampu imeunganishwa, awe fundi au mtoto anayefuata mpira. Swichi iwekwe juu kuliko kimo cha mtoto. Na boya la umeme, ambalo huzima pampu maji ya chini yanapoisha na tangi la juu linapojaa, tulihesabu pamoja na bei ya pampu, si kitu cha kuongeza siku za mbele. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mota mpya.

Mara nyingi anayewasha pampu ni msichana anayetusaidia kazi. Tumfundishe kwa upole na kwa kumwonyesha: hapa unamimina maji ndani ya pampu kama haijavuta, hapa unawasha, sauti ikibadilika unazima, mikono ikiwa na maji huigusi. Tukimwacha abahatishe, halafu mota ikaungua tukamkata mshahara, hapo kosa si lake.

Pampu ikishafungwa, siku ya kwanza tuchukue saa tuone tangi linajaa kwa dakika ngapi, tuandike kwenye daftari pamoja na tarehe na risiti ya duka. Kila mwanzo wa mwezi tupime tena. Kama lilikuwa likijaa kwa dakika 40 na sasa ni 60, tuanze na chujio la chini ya bomba la kunyonya, maana huziba kwa majani na tope, kisha tutazame kama kuna unyevu kwenye maungio, kwani panapopita hewa maji hupungua. Chujio likiwa safi, maungio yakiwa makavu, na dakika bado ni 60, basi afunguliwe fundi mlango aangalie ndani ya pampu yenyewe, na daftari letu liwe mezani akiingia.